Utambuzi wa Usemi wa Kiswahili katika Rununu na Saa Janja: Chanzo cha Makosa kwa Wazungumzaji wa Machakos

Utangulizi

Makala haya yanachunguza sababu zinazomfanya msaidizi wa sauti, aliyepachikwa katika programu-tumizi za rununu na za saa janja, akose kumwelewa mzungumzaji wa Kiswahili, hususan yule aliyelelewa katika Kikamba katika Kaunti ya Machakos. Kwa muda mrefu suala hili limeachiwa wahandisi wa tarakilishi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hitilafu zenyewe ni ya kifonolojia, kimofolojia na kisemantiki, na kwa hivyo imo katika uwanja wa mwanafunzi wa Kiswahili kuliko ilivyo katika uwanja wa fundi.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika mfano mdogo. Mgonjwa anaiambia saa iliyo mkononi mwake: "Nikumbushe dawa saa mbili asubuhi." Saa inaitikia kwamba imepokea, kisha inalia saa nane usiku. Maikrofoni haikuwa na kasoro. Kila neno lilisikika na kuandikwa barabara. Kilichokosekana ni mtu wa kuieleza programu kwamba saa mbili ya Mswahili ni saa 8:00 katika tarakimu za Kizungu.

Kutenga mahali pa kosa

Kabla ya kulaumu lafudhi ya mtu, ni sharti ijulikane kosa limetokea katika hatua ipi. Msaidizi wa sauti hupitia hatua nne: hunasa sauti, huigeuza sauti kuwa maandishi, huyafasiri maandishi hayo ili kupata dhamira ya msemaji, halafu hutenda. Kila hatua huweza kuharibika peke yake, nayo hatua inayofuata huurithi uharibifu huo bila kuulalamikia. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuifanya programu ionyeshe maandishi iliyoyapata. Maandishi yakiwa sahihi na kitendo kikawa kibaya, tatizo limo katika ufasiri. Maandishi yakiwa mabaya, tatizo liko nyuma yake. Yasipopatikana maandishi yoyote, basi ichunguzwe ruhusa ya maikrofoni, na kwa saa, muungano wake na rununu; saa nyingi hupeleka kazi ya utambuzi kwenye rununu au kwenye seva, na muungano ukikatika saa hubaki kiziwi.

Kuna dalili moja ambayo haina budi kutajwa mapema kwa sababu hupoteza muda wa wengi. Mtu anasema Kiswahili, na kinachoandikwa ni mfululizo wa maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, yanayofanana kwa mbali na sauti alizotoa. Hapo lafudhi haihusiki hata kidogo. Programu imerudi kwenye Kiingereza kimyakimya, ama kwa kuwa msimbo wa lugha haukuwekwa, ama kwa kuwa huduma iliyotumiwa haina Kiswahili. Misimbo inayohusika ni sw-KE kwa Kenya na sw-TZ kwa Tanzania. Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mnamo Agosti 2017, katika kundi la lugha 30 zilizoongezwa kwa pamoja. Siri ya Apple, iliyozinduliwa mwaka 2011, ilikuwa bado haina Kiswahili kufikia mwisho wa mwaka 2024. Mwanaprogramu anayetegemea huduma isiyo na lugha yake hana la kurekebisha isipokuwa kutafuta kitambuzi kingine na kukiunganisha mwenyewe.

Athari za Kikamba

Dhana ya athari ya lugha ya kwanza katika lugha ya pili imejadiliwa tangu Weinreich (1953), na Corder (1967) aliweka wazi kwamba makosa ya mjifunzaji yana mpangilio. Mpangilio huo ndio unaoifaa kazi hii, kwa kuwa kosa lenye kanuni huweza kutabiriwa.

Katika Kikamba, vipasuo /b/, /d/ na /g/ havisimami peke yake. Hutanguliwa na nazali. Maneno yaliyokopwa yanathibitisha jambo hilo: gari huwa ngali, duka huwa nduka, dawa huwa ndawa, na pesa huwa mbesa. Aidha, Kikamba hakina /r/, hivyo sukari huwa sukali. Hakina /h/ wala /p/ ya Kiswahili, ndiyo maana hospitali ikawa sivitali. Isidhaniwe kuwa kila Mkamba hutamka Kiswahili hivi. Aliyesoma hadi sekondari, au aliyekulia Mavoko miongoni mwa makabila mengi, huenda asionyeshe lolote kati ya haya. Mkulima mzee wa Masinga au Yatta ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuyaonyesha, na huyo ndiye ambaye kusema kungemfaa kuliko kuandika kwa vidole katika kioo kidogo cha saa.

Je, kitambuzi hufanyaje kinaposikia "ngali"? Kwa maelezo mepesi, kitambuzi hupima mambo mawili: sauti iliyosikika inafanana na neno gani, na neno gani lina uwezekano wa kufuata yale yaliyotangulia. Mtu akisema "wananchi walijitokeza kupiga kula", muktadha huvuta kuelekea "kura", na kosa hufutika lenyewe. Amri za saa hazina muktadha huo. Ni maneno mawili au matatu, na mara nyingine moja tu. "Onyesha mahali" na "onyesha mahari" zinatofautiana kwa fonimu moja, na hakuna sentensi ya kuamua. Kwa sababu hii lafudhi ile ile huadhibiwa vikali zaidi katika saa kuliko katika imla ndefu ya rununu, jambo ambalo wanaojaribu programu zao kwa kusoma aya za magazeti hawatalitambua kamwe.

Kuna jozi nyingine inayostahili kuangaliwa na wakazi wa Kangundo, Matungulu na Kathiani, ambako kahawa hulimwa: buni na mbuni. Kamusi zinaeleza kwamba buni ni tunda la kahawa na mbuni ni mti wake, mbali na kuwa pia ndege mkubwa asiyeruka. Lakini katika biashara ya kahawa nchini Kenya, kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake huitwa mbuni. Hapa mzungumzaji wa Kikamba, kamusi na karani wa kiwanda wanagongana, na programu ya bei za mazao itabidi ikubali maumbo yote mawili.

Tatizo la kitenzi

Hatua ya ufasiri ina matatizo yake, nayo yanawapata Wakamba na wasio Wakamba sawasawa. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Amri moja ya kupiga simu huweza kusemwa "mpigie mama", "nipigie mama simu", "umpigie mama" au "mama apigiwe". Mwanaprogramu aliyezoea Kiingereza huorodhesha umbo moja au mawili na kuridhika. Gelas, Besacier na Pellegrino, katika utafiti wao wa mwaka 2012 kuhusu kitambuzi cha Kiswahili, waliliona tatizo hili katika hatua ya kuandika: maumbo ya maneno ni mengi mno kiasi kwamba msamiati wa maneno kamili hauwezi kuyaenea, na kuyakata maneno katika vipande vidogo kukasaidia. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa amekwisha kuonyesha, kupitia mfumo wake wa SALAMA, kwamba mofolojia ya Kiswahili huchanganuliwa na tarakilishi kwa kanuni.

Hata hivyo, kuutambua mzizi pekee hakutoshi. Mzizi -pig- umo katika kupiga simu, kupiga picha, kupiga pasi na kupiga hesabu. Programu inayopiga simu kila isikiapo "piga" itampigia mtu wakati mwenyewe alitaka picha. Nomino inayofuata kitenzi ndiyo yenye dhamira, na kiambishi cha mtendwa ndicho kinachoonyesha iwapo kuna mtu wa kupigiwa.

Saa ya Kiswahili

Kanuni ya msingi ni nyepesi: ongeza sita. Saa moja asubuhi ni 7:00, saa kumi jioni ni 16:00. "Kasorobo" hutolewa kabla ya kuongeza, kwa hivyo saa mbili kasorobo asubuhi ni 7:45. Ugumu unaanzia hapo. "Nikumbushe saa moja" hutaja wakati, ilhali "nikumbushe baada ya saa moja" hutaja muda, na kuongeza sita katika sentensi ya pili kutamchelewesha mtu vibaya. "Saa kumi na moja" bila kutaja alfajiri au jioni haina jibu moja. Programu yenye adabu huuliza. Isitoshe, Mkenya akichanganya ndimi na kusema tarakimu kwa Kiingereza, kwa kawaida huwa anahesabu kwa saa ya Kiingereza, hivyo sita isiongezwe.

Siku nayo ina mtego. Kwa hesabu ya Kiswahili cha jadi siku huanza jua linapotua. Kwa hesabu ya rununu huanza usiku wa manane. Ndiyo sababu wasemaji waangalifu husema "usiku wa kuamkia Jumatatu". Anayesema tu "Jumatatu saa saba usiku" huenda anakusudia usiku wowote kati ya miwili, na kosa la saa ishirini na nne si dogo kwa aliye na safari.

Nani husikilizwa

Vitambuzi hujifunza kutokana na rekodi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, ulipata mwaka 2021 ufadhili wa dola milioni 3.4 ulioelekezwa hasa kwa Kiswahili. Nchini Kenya, mradi wa Kencorpus wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene ulikusanya data ya Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kikamba hakikuwamo katika lugha hizo tatu.

Katika Common Voice, rekodi hukubaliwa inapoidhinishwa na wasikilizaji wawili. Wengi wanaojitolea kuidhinisha Kiswahili wanakijua vyema na wamefundishwa matamshi sanifu. Hapa ndipo mafunzo mazuri huweza kuleta madhara. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesikia sentensi yenye gari ikisomwa "ngali" huona kosa na kuikataa. Akifanya hivyo mara mia, kitambuzi hakitapata kuisikia Machakos. Mwongozo wa mradi huo unaruhusu lafudhi tofauti. Kinachokataliwa ni kusoma neno lisiloandikwa. "Ngali" ni gari iliyotamkwa kwa lafudhi, na ikubaliwe. Aliyesoma "basi" mahali palipoandikwa "gari" ndiye wa kukataliwa.

Kwa anayenukuu rekodi za mazungumzo huru, ambazo hazina sentensi iliyoandikwa kabla, uamuzi ni mgumu kidogo. Akiandika "ngali", programu itatafuta neno ambalo kamusi ya Kiswahili haina. Akiandika "gari", taarifa ya matamshi inapotea kwa mtafiti wa fonolojia. Njia inayofaa ni kuwa na safu mbili: ya kwanza neno kwa tahajia sanifu, ya pili matamshi yalivyosikika. Msemaji akiwa amehama kabisa na kuzungumza Kikamba, kama afanyavyo mara kwa mara atajapo "sivitali", sehemu hiyo iwekewe alama ya lugha hiyo, ambayo msimbo wake ni kam.