SOMO LA VIKUNDI: KUCHAGUA TAA YA BAISKELI YA KUTEMBEA USIKU

Hapa kwetu jua halingojei mtu. Likishatua kama saa kumi na mbili na nusu, haipiti nusu saa kiza kimeingia, na ni hivyo karibu mwaka mzima. Mtu anayetoka sokoni saa kumi na mbili jioni, baiskeli imebeba na nyumbani ni kilomita 10, atamalizia safari gizani apende asipende. Wale wa kupeleka maziwa wao huondoka hata kabla jogoo wa pili hajawika. Na mhudumu wa afya wa kijiji hachagui saa ya kuitwa.

Kwa sababu hii vikundi vingine hukata shauri kuwanunulia wanachama taa. Ni jambo zuri. Lakini mara nyingi pesa za kikundi huenda dukani zikanunua maandishi ya sanduku, si mwanga. Katika somo hili tutajifunza kuuliza swali moja kabla ya mweka hazina kufungua mkoba: Je, taa hii itanionyesha shimo nikiwa bado naweza kusimama?

Anza na breki, si na taa

Tufanye hesabu kidogo, msiogope. Baiskeli inayokwenda mwendo wa kilomita 20 kwa saa hupita mita 5 na nusu kila sekunde. Sasa mbele kuna shimo, au gogo, au ng'ombe mweusi amelala barabarani. Macho yaone, kichwa kiamue, mikono ibane breki. Hapo sekunde moja imekwisha, pengine moja na nusu, na umekula mita 5 hadi 8 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Halafu breki zenyewe: zile za vyuma virefu za Black Mamba, kukiwa kukavu na mipira yake ni mizuri, zitataka kama mita 6 nyingine. Jumla yake ni mita 12 hadi 14. Ukiwa umebeba mtungi wa maziwa nyuma, ongeza. Mvua ikiwa imenyesha na rimu zimelowa, ongeza tena sana. Kwenye mteremko ukifika kilomita 30 kwa saa, hutasimama kabla ya mita 22 au 25.

Kwa hiyo taa inayomulika mita 5 mbele ya gurudumu kazi yake ni kukuonyesha mahali utakapoangukia.

Wanachama wajaribu jambo hili mchana. Chagueni barabara mnayoitumia, si uwanja wa mpira. Mmoja aendeshe kwa mwendo wake wa kawaida akiwa na mzigo wake wa kawaida, mwingine apige kelele "Simama!" anapopita kwenye alama fulani. Pimeni kutoka alama hiyo hadi pale gurudumu lilipotulia. Namba hiyo iandikeni kwenye daftari la kikundi. Ndiyo itakayochagua taa.

Uongo ulioandikwa kwenye sanduku

Taa za siku hizi ni za LED, na kwa kweli zimetuletea nafuu. LED ya rangi ya buluu ndiyo iliyofungua njia ya kupata mwanga mweupe, na watu watatu walioifanyia kazi hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Balbu za zamani zenye kijiwaya ndani ziligeuza umeme mwingi kuwa joto. LED hutoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye namba. Utaona sanduku limeandikwa lumeni 10,000, lingine 20,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, kila upande. LED nzuri inayouzwa madukani hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja ya umeme, nyingine zaidi kidogo. Basi lumeni 10,000 zingetaka wati 100 hivi. Je, hiyo betri ndogo kama kidole gumba inaweza?

Tuiangalie. Taa nyingi za kuchajisha zina betri ya lithiamu yenye namba 18650, maana yake upana wake ni milimita 18 na urefu milimita 65. Kwenye ganda utasoma volti 3.7, na namba nyingine ikifuatwa na herufi mAh. Chukua namba ya mAh, igawe kwa 1,000, kisha zidisha kwa 3.7. Betri ya 2,000 mAh itakupa 7.4, yaani kama wati 7 na nusu kwa muda wa saa moja. Taa inayokula wati 3 itawaka kwa betri hiyo saa 2 na kitu hivi, na mwanga wake utakuwa kama lumeni 300. Taa ya wati 100 ingeimaliza kabla ya dakika 5. Kwa hiyo ile namba kubwa ni mapambo tu.

Na betri nazo husema uongo. Hata zilizo bora za ukubwa huo wa 18650 hazifiki 5,000 mAh. Ukiona imeandikwa 9,900 iache hapo hapo mezani kwa mwenye duka. Njia nyingine ni mizani. Betri halali ya aina hii ina uzito wa gramu 45 hivi. Zile za bandia nyingi ni nyepesi mno, kwa maana ganda ni kubwa lakini kilichomo ndani ni kidogo. Mama mwenye mizani ndogo ya kupimia viungo anaweza kuliokolea kundi pesa nyingi.

Lumeni 300 zikielekezwa vizuri zinatosha kabisa barabara ya udongo yenye mashimo. Maneno ya "kuelekezwa vizuri" ndiyo ya kutilia mkazo. Tochi ya kawaida hutupa mwanga wa mviringo, nusu yake inamulika matawi ya miti na macho ya anayekuja. Taa iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli huukata mwanga kwa juu, ukabaki barabarani. Wajerumani katika sheria yao hawahesabu lumeni. Wanapima mwanga unaofika mahali mita 10 mbele ya taa, na kipimo hicho huitwa luksi. Wanataka usipungue luksi 10. Ni akili nzuri. Anayeendesha hali mwanga wa sandukuni, anakula ule unaofika chini.

Dainamo isidharauliwe

Vijana hucheka dainamo, ati ni ya wazee. Mimi nasema kwa anayekaa mbali na umeme, na sola yake ni ndogo ya kuchajisha simu tu, dainamo bado ina heshima yake. Haimaliziki chaji. Ile ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, nyingi kwa taa ya mbele na kidogo kwa ya nyuma.

Ila ina tabia zake. Ukipanda mlima polepole mwanga unafifia, ukisimama unazima kabisa, na hapo ndipo lori linakuja. Matope yakiingia kati yake na taya, inateleza. Tena balbu ya nyuma ya zamani ikiungua, umeme wote hukimbilia ya mbele, nayo huungua muda si mrefu ukienda kasi. Fundi wa baiskeli anaijua shida hii. Dawa yake ni taa ya LED iliyotengenezwa kwa dainamo, na ukiweza upate ile inayobaki na mwanga dakika chache baada ya kusimama. Usikubali mtu akufungie LED ya tochi ya betri moja kwa moja kwenye dainamo. Umeme wa dainamo hugeuka-geuka mwelekeo na hupanda kwa mwendo, na LED hiyo haukuivumilia.

Kwa wenye kutumia mawe ya tochi, fanyeni hesabu ya mwaka mzima. Andika bei ya mawe unayonunua kwa mwezi, zidisha mara 12, ulinganishe na taa ya kuchajisha pamoja na malipo ya kuchajisha dukani. Wengi watashangaa.

Kuifunga na kuielekeza

Taa nzuri iliyofungwa vibaya ni hasara. Taa ya kichwani, ile yenye mkanda, ni rahisi na inafuata macho, lakini ina ubaya mmoja ambao watu hawauoni: mwanga ukitoka karibu na macho, kivuli cha shimo kinajificha nyuma ya shimo lenyewe, barabara ikaonekana sawa kama meza. Taa iliyo chini, kwenye usukani au chini yake kidogo, hufanya kila shimo litoe kivuli. Kwa hiyo ya kichwani iwe ya kusaidia tu, kama wakati wa kuziba pancha.

Kishikio kikilegea, taa itatazama chini kila ukiruka tuta. Kata kipande cha tyubu kuukuu, zungushia usukani kwanza, ndipo ukaze nati.

Kuielekeza, simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani. Pima kimo cha taa kutoka chini. Tuseme ni sentimita 90. Weka alama ukutani kwa sentimita 60, yaani umetoa theluthi moja, na inamisha taa mpaka katikati ya mwanga ipige alama hiyo. Mwanga utagusa barabara mita 15 mbele yako. Unaotaka ufike mita 20, toa robo badala ya theluthi. Usipite hapo, kwa sababu utaanza kumpofusha mwenzako, na macho yaliyopofushwa huchukua muda mrefu kurudi kulizoea giza. Tangu kodi ya VAT ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, kazi ya boda boda imehamia sana kwenye pikipiki, na yule anayekuja mbio upande wa pili akipofushwa na taa yako atakugonga wewe.

Kwenye ukungu, watu wa Limuru na Kinangop wanaujua, punguza mwanga. Taa kali ndani ya ukungu au vumbi hukurudishia ukuta mweupe.

Mbele mweupe, nyuma mwekundu, wala usibadilishe hata kama mwenye duka ana rangi moja tu. Rifleta nyekundu nyuma ni ya bei rahisi kuliko dawa ya kidonda. Taa ya mbele ya kumetameta haifai barabara isiyo na taa: wewe huoni vizuri, na dereva hajui uko umbali gani.

Mnaponunua kama kikundi

Msinunue 20 siku moja. Nunueni mbili za aina mbili, mpewe risiti, mzitumie wiki mbili. Moja ipelekwe na mwenye safari ndefu zaidi. Imwagieni maji ya kopo kila upande, maana mvua haitaomba ruhusa. Herufi IPX4 kwenye sanduku maana yake inavumilia maji ya kurushwa, lakini jaribuni wenyewe. Ikiwakeni kwa mwanga mkali mkiangalia saa, mwone inafifia lini. Taa inayokufa ghafla ni ya hatari kuliko inayofifia pole pole.

Mkisharidhika, wote wachukue aina moja, ili betri na vishikio viazimane. Na betri za lithiamu zichajishwe kwa chaja yake, mezani au sakafuni, si kitandani wala karibu na nyasi za paa. Iliyovimba haichajishwi tena, itolewe nje ya nyumba.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Usiku usio na mbalamwezi, wekeni kipande cha taya kuukuu barabarani. Kila mwenye taa aisogelee akitembea kwa miguu na baiskeli yake, taa inawaka, asimame mara tu anapoitambua kuwa ni taya na si kivuli. Pimeni umbali. Uandikeni kando ya ile namba ya breki mliyopata mchana. Ambaye umbali wake wa kuona ni mfupi kuliko wa kusimama, na asipande baiskeli usiku kwa mwendo ule mpaka taa yake au breki zake zitengenezwe. Jadilianeni pia: taa ni mali ya mwanachama, au ni ya kikundi na hukabidhiwa mwenye zamu? Ikipotea, nani analipa?