Sonona Hupimwa kwa Kauli ya Mgonjwa Mwenyewe

Malaria hupimwa kwa tone la damu, na shinikizo la damu kwa mashine inayofungwa mkononi. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa ambao wengi huuita kuwaza sana, haina kipimo cha maabara wala picha ya eksirei. Kipimo chake ni majibu ya mgonjwa. Ndiyo maana anayetibiwa sonona huweza kuulizwa maswali yaleyale kila anaporudi kliniki, naye akadhani mtoa huduma amesahau alichoambiwa mara ya kwanza. Hajasahau, anapima.

Dodoso linalotumika sana duniani hujulikana kwa kifupi cha PHQ-9. Liliandaliwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na tafsiri yake ya Kiswahili imefanyiwa utafiti Tanzania na Kenya. Maswali yake tisa huhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya shughuli, huzuni, usingizi, uchovu, ulaji, kujiona mtu asiyefaa, kushindwa kutuliza akili, uzito au mahangaiko ya mwili, na mawazo ya kifo au ya kujidhuru. Kila jibu hupewa alama, kuanzia 0 kwa dalili isiyokuwepo hadi 3 kwa iliyokuwepo karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 na kuendelea humtaka mtoa huduma achunguze zaidi. 20 na kuendelea huashiria hali nzito.

Alama ya siku moja, hata hivyo, haisemi mengi. Uchovu wa msimu wa palizi ni uchovu pia, na kifua kikuu nacho huondoa hamu ya kula. Kinachotazamwa ni mwendo. Mgonjwa aliyeanza na alama 18 akafika 8 amepungukiwa dalili kwa zaidi ya nusu, na tiba yake inafanya kazi. Aliyeanza na 18 akabaki 16 baada ya wiki sita za dawa anahitaji tiba yake itazamwe upya: pengine kipimo cha dawa ni kidogo, pengine hajaimeza kila siku, pengine jambo linalomsumbua nyumbani halijaguswa.

Hapo ndipo desturi ya salamu inapoleta madhara. Anayeulizwa hali hujibu “nzuri” hata kama amelala njaa, maana ndivyo adabu inavyotaka. Mgonjwa akilipeleka jibu hilo ndani ya chumba cha daktari, alama hushuka karatasini ilhali ugonjwa uko palepale, na dawa isiyomfaa huendelea kuandikwa. Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa maswali faraghani na mtoa huduma; si vyema asomewe na mwanawe au mkwewe, kwa kuwa mbele yao atachagua la kusema.

Wanaoshuka chini ya alama 5 nao wana hatari yao, kwani wengi huacha dawa siku wanapojiona wazima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hushauri dawa iendelee kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha ipunguzwe polepole kwa usimamizi wa mtaalamu.

Dodoso hili halioni kila kitu. Halitambui vipindi ambavyo mtu hulala saa mbili tu na kuamka na nguvu tele, akasema bila kikomo na kutapanya fedha. Mwenye historia hiyo, au ndugu aliyeishuhudia, aieleze mapema, kwa sababu dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kuvichochea vipindi hivyo.

Swali la tisa ndilo linalofichwa zaidi. Wapo wanaohofu kwamba kulijibu kwa kweli kutawafikisha polisi. Kumweleza mtoa huduma kuwa mawazo ya kifo yanamjia mtu si kosa. Jibu lolote lililo juu ya 0 katika swali hilo hushughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo.

Kazi hii haihitaji mitambo. Jijini Harare, Zimbabwe, wahudumu wa jamii walitumia benchi nje ya zahanati, mazungumzo, na dodoso la maswali 14 la Kishona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na wastani wa alama 3.81, na waliopata huduma ya kawaida 8.90.

Anayehudhuria kliniki aombe alama zake ziandikwe, pamoja na tarehe, katika daftari lake la matibabu, na alibebe daftari hilo hata anapohamia kituo kingine. Mwenye mawazo ya kujidhuru asingoje tarehe ya kliniki. Afike kituo cha afya kilicho karibu saa yoyote, akiwa na mtu anayemwamini.