SOMO LA AFYA: Dawa Zote Mezani Kabla ya Upasuaji wa Tezi ya Pituitari

Katika somo la leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hapa Homa Bay na Migori tunauona lakini hatuna jina lake. Mama hajapata hedhi mwaka mzima, na maziwa yanamtoka ingawa hanyonyeshi. Mzee anagonga mlango kwa bega kila siku kwa sababu haoni vitu vya kando. Mwingine viatu vyake vimekataa miguu, pete haivuki kidole, na uso umebadilika hata haufanani na picha ya kitambulisho. Nyumbani watu wanasema ni chira, au jirani amemloga. Akifika hospitali na kupigwa picha ya kichwa, kumbe ni uvimbe katika tezi ya pituitari.

Tezi hii ni ndogo kama harage. Iko chini ya ubongo, nyuma ya pua, na ndiyo inayoziamuru tezi nyingine za mwili zifanye kazi. Uvimbe wake mara nyingi sana si saratani. Shida yake ni kwamba unabana mishipa ya macho na kuvuruga homoni.

Si kila uvimbe wa namna hii unapasuliwa. Ule unaotoa homoni ya maziwa kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya bromokriptini au kabagolini, na wagonjwa wengi hawaingii kabisa chumba cha upasuaji. Tena daktari atauliza kwanza kama mama ana mimba, na anatumia dawa gani, kwa maana baadhi ya dawa za ugonjwa wa akili, na hata ile metoklopramidi ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta maziwa bila uvimbe wowote. Unaona basi, swali la dawa linaanza mapema.

Wanaohitaji upasuaji hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kwa mfano Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Nairobi. Watu huogopa wakidhani fuvu litafunguliwa. Mara nyingi sivyo. Daktari hupitia puani, na mgonjwa hatoki na kovu usoni.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mgonjwa anatoka Ndhiwa au Muhuru, anafika Nairobi, anaulizwa, "Unatumia dawa gani?" Anajibu, "Hakuna." Lakini kwenye begi ana ARV amezifunga ndani ya leso, ana dawa za kifua kikuu, ana chupa ya soda iliyojaa yath nyaluo, na ana vidonge alivyouziwa na kemisti ati vya maumivu ya mgongo. Anaficha kwa aibu, au shemeji aliyemsindikiza amesimama hapo hapo karibu na kitanda. Nasema wazi: kunyamaza huku ni hatari kuliko kisu cha daktari.

Hebu tueleze sababu. Tezi ya pituitari ikiugua, mwili unaweza kukosa kotisoli, homoni inayotusaidia kuvumilia homa, jeraha na mshtuko wa upasuaji. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii hupewa haidrokotisoni au steroidi nyingine ya aina hiyo. Sasa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huifanya steroidi iishe haraka mwilini, na kipimo cha kawaida huwa hakitoshi. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya ARV, hufanya kinyume chake, steroidi zingine hujaa mwilini kupita kiasi. Ritonaviri hiyo pia huongeza nguvu ya kabagolini. Wengi siku hizi wanatumia dolutegraviri, ambayo haina ugomvi mkubwa na steroidi, lakini huongeza metformini kwa mwenye kisukari. Daktari anaweza kupanga haya yote vizuri, mradi ajue. Wala usiache ARV zako hata siku moja kwa sababu ya upasuaji. Beba za kutosha, pamoja na kadi ya CCC. Kama hutaki shemeji asikie, mwombe nesi mzungumze pembeni. Hiyo ni haki yako.

Vile vidonge vya kemisti navyo tuvitazame. Mara nyingi ni prednisoloni au deksamethasoni, na wengine huzimeza miezi mingi ili wanenepe au viungo visiume. Hata krimu kali za kung'arisha ngozi huwa na steroidi ndani yake. Mwili ukizoea steroidi za nje, unaacha kutengeneza yake. Ukizikata ghafla, shinikizo la damu linaanguka, unatapika, unaweza kupoteza fahamu na hata kufa. Usizikate mwenyewe, usizifiche pia.

Aspirini, diklofenaki na Brufen zinaongeza kutoka damu. Aspirini kwa kawaida husimamishwa kama wiki moja mbele, lakini anayemeza kwa sababu ya moyo, au anayetumia wafarini, asiache mpaka daktari aseme. Dawa za presha na za kisukari, uliza ni zipi utameza asubuhi ya upasuaji na zipi utaruka. Mwenye upungufu wa homoni ya tezi ya shingo hupewa levothairoksini, lakini kama kotisoli pia imepungua, hiyo hutangulizwa. Ukigeuza mpango huo unaleta hatari. Na yath nyaluo? Sisemi dawa za wazee wetu zote ni mbaya. Lakini chupa ya soda haina kipimo, na zingine zinapigana na dawa za usingizi. Taja ulichokunywa, na lini.

Kwa hiyo weka kila kitu katika mfuko mmoja, hata pakiti tupu, upeleke na mfuko mzima.

Tukija kwenye siku za wodini, mgonjwa asiye na matatizo hukaa kama siku 2 mpaka 5 baada ya upasuaji, mbali na siku za vipimo na kungoja zamu. Pua itakuwa imeziba. Asipenge, asiiname kuokota kitu, asijikaze chooni. Manesi watapima maji anayokunywa na mkojo anaotoa. Si usumbufu huo, maana tezi ikishtuka mgonjwa anaweza kukojoa kupita kiasi, kiu isiishe, na atahitaji desmopresini. Maji meupe yakitiririka puani, yenye ladha ya chumvi, aseme mara moja. Huenda ni maji ya ubongo, na hapo siku za kukaa zitaongezeka.

Kuna jambo ambalo sisi wa mbali tunaliumia zaidi. Chumvi ya damu inaweza kushuka kati ya siku ya 4 na ya 10, wakati mgonjwa amesharuhusiwa. Kichwa kinauma, anachefuka, anaongea ovyo, hata degedege. Akiwa kwenye basi la usiku kuelekea Migori, watu watasema ni uchovu wa safari. Ni afadhali alale kwa ndugu pale Nairobi mpaka damu ipimwe tena, kama siku ya 7. Na wageni wasimlazimishe maji na soda. Anywe alivyoambiwa.

Akirudi nyumbani na vidonge vya haidrokotisoni, akumbuke sisi tuko nchi ya malaria. Akipata homa, dozi huongezwa mara mbili au zaidi, kama daktari alivyoandika. Akitapika vidonge, au akiharisha sana, asingoje asubuhi. Anahitaji sindano ya haidrokotisoni, kwa mtu mzima miligramu 100, pamoja na matibabu ya malaria yenyewe. Uliza mapema kama dispensari yenu inayo. Aandike kwenye karatasi kwamba anategemea steroidi, na karatasi hiyo ikae pamoja na kitambulisho.

Kuhusu gharama, SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisheni mgonjwa ameandikishwa na michango imelipwa, kisha muulize hospitali ni nini kitalipwa, kabla hamjauza ng'ombe.

Maswali ya kujadili kikundini: Je, kuna mtu kijijini kwetu mwenye dalili hizi ambaye tumesema amelogwa? Nani anaweza kumsindikiza Nairobi na kukaa naye wiki mbili? Na dispensari ya karibu yetu, usiku mlango unafunguliwa na nani?