Njia ya Gari la Zimamoto Isizibwe
Kijitabu kwa wenye nyumba, wapangaji na wanaotaka kujenga, Chaussée d'Ixelles na mitaa inayoizunguka

Tangu tarehe 1 Januari 2025, kila makazi katika mkoa wa Brussels lazima yawe na vigunduzi vya moshi. Nyumba za kupangisha zilikuwa chini ya sharti hilo tangu Julai 2005. Kilichoongezeka ni kwamba hata anayelala katika nyumba yake mwenyewe sasa hana udhuru. Sharti hilo limeleta maswali mengi na manung'uniko mengi zaidi. Wapo wanaosema ni njia nyingine ya kuwakamua wananchi. Wapo pia walioamua kwamba kidude kikishafungwa darini, habari ya gari la zimamoto imekwisha, na kwa hiyo ua wa nyuma unaweza kujengwa na kichochoro kinaweza kugeuzwa stoo. Hao wa pili ndio wanaotutia wasiwasi, na kijitabu hiki kimeandikwa hasa kwa ajili yao. Tumekiandika kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusema hakuelezwa.

Mita nane, si nne

Kutoka Porte de Namur mpaka Place Flagey, mpita njia huona maduka, saluni na mabasi. Haoni kilichoko nyuma: karakana za zamani zilizogeuzwa nyumba, ua uliojengwa vyumba, na vichochoro vyenye mlango mmoja tu wa kuingilia na kutokea. Brussels ilirithi vichochoro vya namna hiyo kutoka karne ya 19, wafanyakazi walipojengewa nyumba nyuma ya nyumba za watu wenye uwezo. Leo ardhi ni ghali, na kila kipande cha ua kinatamaniwa.

Amri ya kifalme ya tarehe 7 Julai 1994, inayoweka kanuni za msingi za kuzuia moto katika majengo mapya, imesema wazi. Njia ya kumfikisha zimamoto kwenye jengo iwe na upana ulio wazi wa mita 4. Ikiwa njia hiyo haitokei upande wa pili, upana uwe mita 8. Mita nane, si nne. Juu yake pawe wazi mita 4, kwa hiyo roshani au tao la mlango wa ua likishuka chini ya hapo, gari halipiti. Kona iwe na nusu kipenyo cha mita 11 kwa ndani na 15 kwa nje. Mteremko usizidi asilimia 6, na ardhi ibebe gari lenye uzito wa tani 13 kwa ekseli bila kudidimia. Vigae vya bustani vilivyotandazwa juu ya mchanga havitoshi, hata viwe vya bei gani.

Watu hutuuliza kwa nini njia iliyofungwa idaiwe upana maradufu wakati wanaoitumia ni wachache. Fikiria kazi inavyokwenda. Gari la ngazi likifika, hutoa miguu yake ya kando ili lisipinduke, na halihami tena mpaka watu washuke. Pampu inayolifuata lazima ipite, na gari la wagonjwa liweze kutoka. Katika mtaa unaotokea kwingine, linalokuja nyuma huzunguka. Katika mtaa uliofungwa hakuna pa kuzungukia.

Kuna kipimo kingine kinachosahaulika: ngazi hufanya kazi vizuri gari likisimama kati ya mita 4 na 10 kutoka ukutani. Kwa hiyo haitoshi gari liingie mtaani. Lazima lipate pa kusimama mbele ya dirisha ulilomo. Msiweke vyungu vikubwa vya maua hapo. Msiweke matangi, wala pikipiki zilizokufa, wala kontena la mizigo inayosubiri meli ya kwenda Matadi au Mombasa.

Waliokuwapo hapa mwaka 1967

Jumatatu tarehe 22 Mei 1967, mchana, duka kubwa la À l'Innovation katika Rue Neuve lilishika moto. Watu 251 walikufa. Jengo hilo la Victor Horta, lililofunguliwa mwaka 1901, lilikuwa na ukumbi ulio wazi kutoka chini mpaka juu, na halikuwa na vinyunyizio vya maji darini. Magari ya zimamoto yalikwama kwenye mitaa myembamba iliyojaa magari yaliyoegeshwa. Sheria ya tarehe 30 Julai 1979 na amri ya 1994 zimetoka katika somo hilo. Wasomaji wetu wenye ndugu Nairobi hawahitaji kwenda mbali hivyo: wanaijua Gikomba, soko linaloungua mara kwa mara huku vibanda vimekula njia za magari.

Kuegesha «dakika mbili tu» mdomoni mwa kichochoro ni kosa. Sheria ya barabara ya Ubelgiji inakataza kuegesha pale ambapo nafasi inayobaki ya kupita itapungua chini ya mita 3. Kuwasha taa za hatari hakubadilishi kitu. Tunarudia: hakubadilishi kitu.

«Yangu ni ya familia moja»

Hapa ndipo ujanja mwingi unapoanzia. Amri ya 1994 haihusu nyumba ya familia moja, wala jengo lenye ghorofa zisizozidi mbili na eneo lisilozidi mita za mraba 100 kwa jumla. Masharti mengine ya nani anaguswa na nani haguswi yako katika amri yenyewe na hatuna nafasi ya kuyapanga hapa. Jambo moja tu tunalisema kwa sauti. Nyumba uliyoiombea kibali kama ya familia moja, kisha ukaigawa vyumba vitano na kupangisha kila chumba kwa watu wasiojuana, si ya familia moja tena. Kuigawa kunataka kibali kipya cha ujenzi, na hapo zimamoto wa mkoa, SIAMU, ndio watakaoulizwa maoni yao. Kukaa kimya hakukulindi. Moto ukitokea, swali la kwanza la kampuni ya bima ni lilelile unalolikwepa leo.

Je, vinyunyizio vya maji vinaweza kuchukua nafasi ya njia?

Wakati mwingine, na si kwa kujiamulia. Kwingine duniani vimekwisha kuwa jambo la kawaida: California ilivitaka katika nyumba mpya kuanzia mwaka 2011, na Wales tangu mwaka 2016. Ubelgiji haivilazimishi katika nyumba ya kawaida. Lakini aliye na kiwanja ambacho mita 8 haziwezekani anaweza kuiomba tume ya Wizara ya Mambo ya Ndani imsamehe sharti hilo, akithibitisha kwamba kwa njia nyingine usalama utakuwa sawa. Vinyunyizio ni mojawapo ya hoja anazoweza kuweka mezani. Ombi huja kabla ya msingi. Likija baada ya paa, linaitwa ubishi.

Wengi wanaviogopa kwa sababu ya sinema, ambapo moshi wa sigara huloanisha jengo zima. Sivyo. Kila kichwa kina kichupa cha kioo, mara nyingi chekundu, kinachopasuka joto likifika nyuzi 68, na hufunguka kile tu kilicho karibu na moto. Moshi wa samaki hautoshi.

Ila vinyunyizio havimbebi mgonjwa ngazini. Njia ya gari bado inatakiwa iwe wazi kadiri inavyowezekana, hata palipo na msamaha. Mwenye msamaha aliyejaza kichochoro masanduku amevunja ahadi aliyoitia saini mwenyewe.

Vigunduzi vya moshi, kwa ufupi

Kigunduzi kifungwe kwenye njia ya kutokea, kutoka chumba cha kulala mpaka mlango wa nje. Kisifungwe juu ya jiko la sombe, kisha ukachomoa betri kwa sababu kimepiga kelele. Ukisikia jirani amechomoa, mwambie. Na jiko la mkaa lisiletwe ndani wakati wa baridi, kwa sababu gesi yake inayoua haina harufu, na kigunduzi cha moshi hakiijui.

Ukipiga simu

Namba ni 112, na haitozwi. Kuzima moto na kuokoa watu katika dharura pia hakutozwi, na kazi ya zimamoto si kukagua vibali vya ukaazi. Taja mtaa, namba, na msimbo wa 1050. Kama unakaa nyuma, sema «nyumba ya nyuma», taja mlango wa kuingilia, na umtume mtu asimame barabarani. Usikate simu mpaka uambiwe.

Anayetaka kujenga, kugawa au kuongeza ghorofa aende kwanza kwenye jengo la komini, Chaussée d'Ixelles namba 168, Place Fernand Cocq, akiwa na ramani ya kiwanja inayoonyesha upana wa njia mahali palipo pembamba kuliko pote. Si upana wa mlangoni. Mahali palipo pembamba kuliko pote.