Maji ya Mbinguni na Mabonde ya Nyoyo

Ndugu msomaji, katika Sura ya Ar-Raad, aya ya 17, Mwenyezi Mungu atupigia mfano wa mvua. Maji huteremka kutoka mbinguni, mabonde yakatiririka kila moja kwa kadiri yake, na mafuriko yakachukua povu juu yake. Kisha povu hupotea, na chenye kuwafaa watu hubaki ardhini. Mwisho wa aya Mola atujulisha kuwa hiyo ndiyo mifano apigayo. Basi kuizingatia ni wajibu wetu.

Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) ya kwamba nyoyo huchukua kwa kadiri ya yakini yake na shaka yake. Mvua ni moja, lakini mabonde hayalingani. Watu wawili huketi darsa moja, wakasikia aya moja. Mmoja huondoka amejaa, wa pili huondoka mkavu. Mvua haina lawama. Bonde ndilo lililofukiwa kwa kiburi na husuda. Na povu ndilo litangulialo kuonekana: sauti nzuri, kilemba kikubwa, ushindi wa mabishano.

Amma hapa pana hatari. Wako wasemao: "Ikiwa maana iko moyoni, sala na saumu ni maganda tu." Neno hilo lilikwisha jibiwa na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake Mishkat al-Anwar. Nabii Musa (A.S.) alipoamrishwa avue viatu, Imamu aliona humo ishara ya kuuvua moyo na dunia na akhera, usimwelekee ila Mola. Hata hivyo, alishikilia kuwa Musa alivua viatu vya miguuni kwelikweli. Aachaye dhahiri amepotea, akomeaye kwenye dhahiri amepungukiwa, na mkamilifu ni yule azikusanyaye mbili.

Basi kipimo ni hiki: maana ya ndani uliyoipata imekuzidishia utiifu, au imekupunguzia? Ikiwa wasimama alfajiri kwa unyenyekevu zaidi, na walipa deni kabla ya kudaiwa, jua maji yametua. Ikiwa umepata udhuru wa kuiacha sala, hilo ni povu.

Usiku huu soma aya moja tu, uifahamu, kisha ujiulize ni nini moyoni mwako kinachoizuia isipite. Kiondoe hicho kwanza.

Mwenyezi Mungu atuzibulie nyoyo zetu. Amin.