Themostati Iliyojificha

Ndugu wanafunzi, na ninyi wakubwa mliokwisha kutoka shuleni, safari hii nataka kuwafundisha kazi moja ya gereji ambayo vitabu vya fizikia huigusa kwa mbali tu: kubadili themostati ya injini ya pikapu, hasa ile iliyowekwa mahali ambapo mkono haufiki. Kazi hii niliifanya mwenyewe mwaka 2017, nami nitaieleza kama ilivyokuwa, pamoja na kosa langu.

Kwanza yapasa mjue themostati ni nini. Ni kilango kidogo cha chuma, kipana kiasi cha mdomo wa kikombe, kinachokaa katika njia ya maji baina ya injini na rejeta. Katikati yake pana kikopo cha shaba kilichojaa nta. Injini ikiwa baridi, nta ni ngumu, kilango kimefungwa, na maji huzunguka ndani ya injini peke yake mpaka yapate moto. Yakifika digrii 82 hivi (ziko pia za 76 na za 88, namba huchapwa juu ya chuma chenyewe) nta huyeyuka, hutanuka, husukuma kijiti, na kilango hufunguka. Maji yakipoa, springi hukirudisha. Hapana umeme wala waya. Ni nta tu, na hufanya kazi hiyo mara maelfu bila kuchoka. Lakini siku moja huchoka.

Pikapu yetu ilinunuliwa kwa kiinua mgongo cha marehemu baba, ikawa inachukua viazi kutoka Kisoro kwenda Kabale. Njia hiyo hupita Kanaba, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Huko juu maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye digrii 92 hivi, si 100. Jambo hili nilifundishwa hapa hapa shuleni, nikaliandika katika daftari, nikalipatia alama. Kisha nikalisahau. Tena mfuniko wa rejeta hubana kani ya mvuke ndani, ndiyo sababu maji ya rejeta yaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Ukiufungua ghafula, kani yote hutoka, na maji yale hugeuka mvuke papo hapo.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho tukiwa katikati ya mlima. Dereva akasimama. Kijana wetu wa mizigo akashuka na dumu la maji, akaniuliza, "Bosi, nifungue?" Nami, mwenye alama zangu nzuri za fizikia, nikamjibu, "Fungua upesi, tumechelewa." Akashika mfuniko kwa kitambaa. Mvuke ulimrukia mkono wote wa kuume na shavu. Alilala hospitali wiki tatu. Kilango cha nta kilikuwa kimegoma kufunguka. Lakini aliyesema neno "fungua" nilikuwa mimi.

Fundi aliyeitwa kesho yake aliitoa themostati akaitupa majanini. "Kidude hiki ni cha nchi za baridi, mzee," akaniambia. "Kwetu hakina kazi." Alikuwa amevaa koti zito la sufu wakati akisema maneno hayo, nami sikucheka, kwa sababu nilimwamini. Wengi wenu mtayasikia maneno hayo hayo, basi nitakaa hapa kidogo.

Injini haitaki ubaridi. Inataka joto lake lile lile daima. Tulikwenda miezi minane bila themostati. Mshale haukupita robo, nasi tukafurahi. Lakini dizeli ilianza kwenda kwa wingi, moshi mweupe ulitoka kila asubuhi, na chini ya kifuniko cha oili tukakuta ute kama maziwa yaliyoganda. Ute huo waweza kuwa dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua, ndivyo nilivyoogopa; kwetu ulikuwa umande tu wa injini isiyopata moto. Tena liko jambo la pili, la ajabu zaidi. Themostati nyingi zina kisahani nyuma yake, ambacho huziba njia ya mkato wakati kilango kikuu kinapofunguka. Ukiitoa yote, njia ya mkato hubaki wazi. Basi sehemu ya maji ya moto hurudi katika injini bila kupita katika rejeta. Kwenye tambarare hutaona kitu. Kwenye mlima mrefu, na mzigo, injini ile ile iliyokuwa baridi yaweza kuchemka.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe imelala usiku kucha. Msiguse mfuniko kabla ya hapo. Fungueni waya wa betri upande wa hasi, kwa maana waya mnene wa alteneta una umeme hata gari likizimwa. Mwageni maji ya rejeta katika beseni safi, wala si chini, kwani dawa iliyomo ni tamu na huua mbwa. Kwetu nyumba ya themostati ilikuwa upande wa mpira wa chini, nyuma ya alteneta. Kwa hiyo tulilegeza mkanda, tukatoa alteneta, ndipo tukaiona: bolti tatu za spana namba 12. Mbili zilifikika kwa soketi na kirefusho. Ya tatu iliangalia chasisi.

Bolti hii ya tatu ndiyo iliyokula siku yetu. Kulazimisha sikutaka, maana bolti ya chuma ikikatika ndani ya aluminiamu, kazi ya saa moja huwa kazi ya wiki. Tulikuwa tumeimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni. Mkono wangu ulikataa kupita. Kijana wa mizigo, ambaye mpaka hapo alikuwa ananishikia tochi tu, akasema, "Nipishe, bosi." Akapitisha mkono ule ule wenye makovu, akaigeuza bolti kidogo kidogo kwa spana fupi, kila mara robo ya robo ya duara, mpaka ikatoka.

Ndani tulikuta gundi ya silikoni mahali pa pete ya mpira. Tuliikwangua taratibu kwa ubao, si kwa bisibisi, na vipande tukavifuta kwa kitambaa, kwa kuwa vikiingia huenda vikaziba rejeta.

Themostati mpya msiifunge kabla ya kuipima. Itundikeni kwa uzi katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, bila kugusa chini, mpashe moto. Yetu ilianza kufunguka kwenye 82, ikafunga ilipopoa. Kisha ifungeni: kikopo cha nta kielekee injini, pete mpya ya mpira izunguke ukingo, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kiwe juu, ili hewa ipate pa kutokea. Bolti zikazwe kwa zamu, kila moja kidogo.

Alteneta iliporudi mahali pake, na mkanda, na mwisho waya wa betri, tulijaza maji na dawa polepole. Tuliwasha injini mfuniko ukiwa bado wazi, maji yakiwa baridi. Mapovu yakatoka, maji yakashuka, tukaongeza. Mpira wa juu ulipata moto, wa chini ukabaki baridi. Hapo nilingoja kwa hofu. Mshale ulipokaribia nusu, mpira wa chini nao ukaanza kupata moto chini ya kiganja changu. Kilango kilikuwa kimefunguka.

Nilimwambia kijana sasa afunge mfuniko. Alirudi nyuma hatua mbili. "Zima kwanza, bosi," akasema, "ufunge wewe." Nikazima, nikangoja, nikaufunga mwenyewe.