Dondoo muhimu: Msomaji akiuliza “kuna riwaya mpya?”

Usikimbilie rafu. Muulize kwanza kitabu cha mwisho kilichomkosesha usingizi, kisha mpe kimoja tu. Ukimpa vinne atavirudisha bila kuvifungua.

Aliyependa Peponi ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, na anayesoma Kiingereza bila taabu, mwonjeshe Theft ya Gurnah huyohuyo (2025): vijana watatu, Zanzibar na Dar es Salaam. Usimsimulie zaidi ya hapo.

Kabla ya kusifia, soma mwenyewe kurasa kumi za mwanzo. Usitegemee tuzo, nimeshasinzia juu ya riwaya kadhaa zenye tuzo.

Nyuma ya jalada bandika kipande cha karatasi, wasomaji waandike neno mojamoja. Hata “kimenichosha” usilifute.